MTEJA NI MFALME, LAKINI SALIO NDILO SHAHIDI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeonelea nisiandike juu ya usafi wa mazingira wala uzuri wa elimu, kwa maana wenzangu wameyaandika hayo na nina hakika wameyaandika vizuri. Mimi nataka kusema juu ya jambo linalotugusa mifukoni, hasa sisi wa shule ya kutwa ambao tukitoka hapa jioni tunakwenda kuwasaidia wazazi na ndugu zetu kuuza. Nataka kusema juu ya matapeli wanaojifanya wanunuzi.

Zamani mtu aliyetaka kuuza kabati au baiskeli alibandika karatasi kwenye mlingoti wa stima, ama alimwambia jirani naye jirani akamwambia mwenzake. Siku hizi anapiga picha kwa simu na kuiweka Jiji, Facebook Marketplace au kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Hata lile soko la OLX ambalo wengi walianzia, Jiji ililinunua mwaka wa 2019. Nayo malipo yamehamia kwenye simu tangu M-Pesa ianze humu nchini mwezi wa Machi 2007. Kwa hivyo mama anayechagua viatu vya mitumba kule Gikomba alfajiri anaweza kumuuzia mtu wa Kitui kabla ya jua kutua, na wasionane hata siku moja. Hii ni baraka kubwa wala sikatai. Lakini jamani, shamba likiiva si mwenye shamba peke yake anayejua. Nyani naye anajua.

Kitu kinachoniudhi ni hiki. Mtu akitapeliwa, neno la kwanza utakalosikia pale kibandani ni "tamaa." Ati tamaa ilimponza! Hapo ndipo mimi napinga, na napinga kabisa. Yule aliyeahidiwa kwamba shilingi elfu moja zitazaa elfu kumi kwa wiki moja, sawa, huyo tamaa ilimwita naye akaitika. Lakini muuzaji je? Yeye amesema bei yake ni 6,500, mnunuzi amekubali 6,500. Hajaomba hata senti ya ziada. Hiyo tamaa iko wapi?

Wacha niwape mfano. Mama mmoja jirani yetu alitaka kuuza jiko la gesi alilokuwa amelitumia mwaka mmoja. Alitafuta pesa za karo. Picha ilipowekwa, jioni hiyo hiyo alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, aliyejiita mwalimu. Mtu huyo hakupunguza bei. Alisema yuko kazini mbali, hivyo atalipa kwa simu na kumtuma mtu wa boda boda. Haukupita muda, arafa ikaingia: umepokea shilingi 6,500, jina la mlipaji hili, saa hii. Boda boda naye huyo langoni, injini inanguruma, giza linaingia. Mama akamfungia jiko kwa kamba, akamwambia aende salama. Baadaye alikwenda dukani kununua unga, akataka kulipa kwa simu, akaambiwa salio halitoshi. Alipotazama salio lake lilikuwa shilingi 140. Kuitazama tena ile arafa, kumbe ilitoka kwa nambari ya kawaida ya mtu, inayoanza na sifuri saba.

Haikuishia hapo. Vijana wa mtaa walimtafuta yule mwendeshaji wa boda boda, wakamkamata na nusura wampige. Maskini ya Mungu, naye alikuwa ameitwa kwa simu tu. Alilifikisha jiko kando ya barabara alikoelekezwa, akalipokea mtu asiyemjua, akaambiwa nauli yake ya shilingi 200 inatumwa. Mpaka leo haijafika. Mwana wa yule mama alikaa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya karo. Na bado watu walisema ni tamaa!

Maoni yangu ni kwamba muuzaji mgeni haponzwi na tamaa. Anaponzwa na adabu pamoja na haraka. Adabu, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa mteja ni mfalme, na mfalme humwambii "ngoja kidogo nihakikishe." Ukimwambia hivyo atang'aka, "Kwani unaniona mwizi?" Nawe unaona haya. Haraka nayo ni kwa sababu kodi ya nyumba inadaiwa, karo inadaiwa, na mtu wa boda boda anapiga honi langoni. Tapeli anazijua hizi mbili kuliko unavyozijua wewe. Ndiyo maana hupiga simu jioni. Ndiyo maana hujiita mwalimu, mchungaji au daktari. Na ndiyo maana hapunguzi bei, ili upesi umpende.

Ikiwa ugonjwa ni adabu na haraka, basi dawa yake haiwezi kuwa mahubiri juu ya tamaa. Dawa ni sharti lililowekwa mapema, kabla mteja hajapiga simu, na ambalo halibagui mtu. Awe chifu, awe mchungaji, awe binamu yako, sharti ni lile lile: mzigo hautoki mpaka salio lisome. Liandike hilo pale pale chini ya picha ya bidhaa yako. Hapo hakuna atakayesema umemshuku yeye, kwa sababu sharti lilikuwapo kabla yake.

Sasa hebu tuzichambue hila zenyewe moja baada ya nyingine, maana adui usiyemjua humkimbii.

Hila ya kwanza ni hiyo ya arafa bandia. Arafa ya kweli ya M-Pesa huingia kwa jina MPESA, ikiungana na zile za zamani ulizopokea. Ina kodi yenye herufi na tarakimu kumi, jina la aliyetuma, tarehe, saa na salio lako jipya. Lakini msitegemee hayo peke yake, kwa kuwa maneno tapeli anaweza kuyanakili yote. Kuna jambo moja tu asiloweza: kuongeza salio lako. Kwa hivyo usisome arafa ukaridhika. Bonyeza *334# au fungua programu yenyewe, utazame salio kwa macho yako. Ni kazi ya dakika moja. Na akikutumia picha ya skrini ya simu yake kuonyesha kwamba amelipa, ama karatasi ya benki, mwambie ahsante, kisha bado utazame salio. Picha hainunui unga.

Hila ya pili ni ya "nimetuma zaidi kwa makosa." Mtu anasema ametuma 9,500 badala ya 6,500, tafadhali mrudishie 3,000 upesi, mtoto yuko hospitalini. Mara nyingi hakutuma chochote. Lakini hata kama alituma kweli, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni yenyewe, kwa kupeleka arafa ya malipo kwa nambari 456 kama inavyotakiwa. Kwa nini? Kwa sababu ukimrudishia wewe, kisha naye aende akaombe kampuni imrudishie, utakuwa umetoa mara mbili. Mwenye haki yake haogopi njia iliyonyooka.

Hila ya tatu ni binamu ya hiyo. Mteja analipa pesa za kweli, anachukua mzigo, halafu anaiambia kampuni kwamba alikosea namba. Pesa zinaweza kuzuiliwa wakati jambo hilo linachunguzwa. Hapa ndipo wahenga wanaposhuhudia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji awe na ushahidi: arafa ambazo mteja alikubali bidhaa na bei, picha ya mzigo, jina la aliyeupokea na sahihi yake. Ukipigiwa simu na kampuni, huongei hewani. Unasema, "Huyu hakukosea namba. Alinunua viatu jozi mbili siku ya Jumamosi, na maneno yake haya hapa." Daftari la shilingi 50 linaweza kuokoa mzigo wa elfu kumi.

Hila ya nne ni ya nambari ya siri. Mnunuzi anasema amelipa, ila ili pesa ziingie yafaa ubonyeze kiungo fulani uweke nambari yako ya siri. Ama ghafla kwenye simu yako unatokea ujumbe unaotaka uweke nambari ya siri, naye huku anakuhimiza, "Weka, weka, zinaingia!" Wanafunzi wenzangu, shikeni hili hata mkisahau mengine yote: nambari ya siri ni ya kutoa pesa. Kupokea hakuhitaji nambari ya siri, asilani. Anayekuambia uiweke ili upokee anataka utoe.

Ya tano inafanana na hiyo. Mtu anakuambia, "Nimekutumia namba ya kuthibitisha oda, hebu nisomee." Unaona tarakimu sita zimeingia kwa arafa, unamsomea kwa moyo safi. Kumbe ni ufunguo wa WhatsApp yako! Kabla hujakaa sawa, shangazi yako anaombwa pesa kwa jina lako. Tarakimu zilizoletwa kwako ni zako, hazisomewi mtu.

Ya sita ni ya kubadilishiwa bidhaa. Umeuza simu nzima, kesho yake mnunuzi anarudi na nyingine iliyopasuka, aina ile ile, anadai pesa zake. Kabla ya kuuza simu, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15 ambazo ni kama alama ya kidole ya simu hiyo. Ziandike kwenye risiti na mnunuzi atie sahihi. Akirudi na simu yenye tarakimu nyingine, hakuna ugomvi. Mnasoma pamoja, basi. Biashara haigombi, bora tu iwe imeandikwa.

Tena msisahau kwamba si pesa tu zinazoweza kupotea. Dada zangu mnaouza nguo na mapambo, na nyinyi kaka pia, mteja akitaka muonane, iwe mchana na mahali penye watu: mbele ya benki, stendi, ndani ya duka kubwa. Nendeni wawili. Nyumbani asijulishwe mtu asiyejulikana. Bidhaa hununuliwa tena, roho hainunuliwi.

Najua wako watakaosema, "Ukiwa na masharti mengi hivyo wateja watakukimbia." Nimelisikia hilo hata kwetu nyumbani, kwa dada yangu anayeuza viatu. Lakini nawauliza: tukiingia dukani na noti ya shilingi elfu moja, mwenye duka haiinui kwenye mwanga akaitazama? Anaiinua. Kuna mtu aliyewahi kukasirika akaacha sukari yake pale? Hakuna. Tumezoea, kwa maana tunajua anafanya hivyo kwa kila mtu. Basi na salio tulizoee vivyo hivyo. Tena mteja wa kweli naye amewahi kutapeliwa na wauzaji wa uongo. Akimwona muuzaji mwenye daftari na masharti yaliyoandikwa, roho yake hutulia. Anayekimbia kwa sababu umemwambia "nipe dakika moja nitazame salio," huyo mwacheni akimbie. Hakuwa mteja.

Wengine nao huchukua upande wa pili kabisa. Wanasema usimwamini mtu yeyote, uza kwa pesa taslimu peke yake, tena kwa wanaokujua. Hao nao siwaungi mkono. Mama wa Gikomba akiuza kwa wanaomjua tu, viatu vitamuozea. Kuuza mbali ndiko kunakoleta faida siku hizi. Hatuhitaji kuacha kuamini watu. Tunahitaji kuacha kuamini maneno matupu. Mtu wa mbali asiyetaka kutuma pesa zote, na yeye ana haki ya kuogopa. Basi mnaweza kupatana: atume nauli kwanza, mzigo upelekwe na watu wa kusafirisha vifurushi wanaopokea malipo kwa niaba ya muuzaji, naye autazame kabla ya kulipa. Hapo hakuna aliyemdharau mwenzake.

Na wako wanaosema, "Hiyo ni kazi ya serikali na kampuni za simu." Ni kweli ni kazi yao, tena waifanye. Sheria iko. Kifungu cha 313 cha Kanuni za Adhabu kinasema anayepata mali ya mtu kwa udanganyifu anaweza kufungwa miaka 3, na tangu 2018 tuna sheria mahsusi ya uhalifu wa kompyuta na mitandao. Arafa za kitapeli zinaweza kupelekwa kwa Safaricom kwa nambari 333. Na aliyetapeliwa asikae akilia chumbani kwa aibu. Apige simu kwa kampuni mara moja, asifute arafa hata moja, aende kituo cha polisi aandikishe na apewe namba ya OB. Lakini askari hayuko langoni saa moja jioni boda boda anapopiga honi. Pale uko wewe na simu yako. Sheria huja baada ya jiko kwenda.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo pengine halitawafurahisha wengine, lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Tumezoea kusema matapeli ni wale wa Kamiti, wafungwa wenye simu za kuficha. Ni rahisi kusema hivyo kwa sababu Kamiti ni mbali. Lakini ziko programu za kutengeneza arafa za uongo za malipo, na wanaozijua sana si wazee. Ni sisi vijana. Nimesikia kwa masikio yangu wanafunzi wakicheka jinsi mmoja wao alivyokula chipsi kwa kumwonyesha muuzaji skrini yenye malipo hewa, na wenzake wakamwita mjanja. Mjanja wa nini? Yule muuzaji huamka saa kumi alfajiri kumenya viazi. Sahani moja ya bure inakula faida ya sahani kadhaa alizouza. Anayeanza na chipsi leo ataishia na jiko la gesi la mama wa watu, na pengine mwana wa mama huyo ni mwanadarasa mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako. Tukimcheka aliyetapeliwa na kumsifu aliyetapeli, basi tusishangae siku mama zetu watakapolia.

Kwa hayo yote, ninalo pendekezo kwa chama chetu cha Kiswahili, na naomba walimu wetu wa somo la biashara watusaidie. Wazazi wengi hupokea arafa za malipo kwa Kiingereza. Hawazisomi, wanatazama ile tarakimu tu na kufunga simu. Menyu ya M-Pesa ina mahali pa kubadilisha lugha iwe Kiswahili. Kila mwanachama achague muuzaji mmoja, mamake, mjomba, jirani, na Jumamosi moja akae naye nusu saa. Ambadilishie lugha akitaka, amfundishe kutazama salio, amwandikie sharti lake kwa Kiswahili kizuri aliweke chini ya picha zake, na amfungulie daftari. Sisi tunajivunia insha na mashairi, nami nayapenda. Lakini Kiswahili kisichoweza kulinda jiko la mama kinatusaidia nini nje ya lango la shule?

Nikitia nanga, nawakumbusha wale ambao mwakani watamaliza masomo na kuanza kuuza chochote, iwe viatu, keki au vifaranga. Mheshimuni mteja, msalimieni vizuri, mpeni bei ya haki na mfungieni mzigo wake kwa unadhifu. Kisha, kabla kamba haijafungwa, tazameni salio.